Simu ya Baba Inajizima

Baba yangu ana upara, na bado mchana ule alituaga kwamba anakwenda kwa kinyozi, na sisi tukamjibu haya, nenda salama. Ilikuwa Jumapili, tumeshiba, akili zimelala. Mama alikuwa anaosha vyombo, shangazi amejinyoosha kwenye kochi na simu yake kifuani, mimi nimetandaza gazeti kuukuu juu ya meza ya dirishani na simu za wateja nimezifungua matumbo. Hakuna aliyejiuliza kinyozi atanyoa nini.

Mimi ni fundi simu. Baba ni fundi wa majokofu, yale makubwa ya kwenye maghala, yenye chumba kizima cha barafu ambacho mtu anaingia kwa miguu yake. Au tuseme alikuwa fundi, maana tangu kifua kimlaze hospitali mama alimpiga marufuku kuikanyaga baridi. Baba alikubali palepale, na mzee akikubali upesi namna ile ujue ana lake. Mara ana mgonjwa wa kumwona, mara ana kikao cha mtaa, leo kinyozi. Mkoba wake wa vifaa ulikuwa haupo uvunguni mwa kitanda, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye.

Simu yangu ikaita, nikaona ni yeye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Vipi, umeshanyolewa?"

"Huko kwema? Mama yenu hajambo? Na shangazi yenu, bado yupo?"

"Yupo, wote wazima." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo wa feni, na maneno yalikuwa yanamtoka vipande vipande kwa sababu meno yanagongana. "Baba, uko wapi?"

"Sikiliza, usimwambie mama yako. Mlango umenifungia. Kishikio cha ndani kimebaki mkononi mwangu. Na baridi nimeirekebisha mwenyewe, imeingia vizuri sana, sasa niko hapa kwenye ile—"

Ikakatika.

Nilipiga. Yule dada wa kampuni ya simu akaniambia kwa upole wake wote kwamba namba ninayopiga haipatikani. Nikapiga tena, akasema tena. Nilikuwa mtoto baba aliponiingiza kwenye chumba cha namna hiyo nikaone kazi yake, na nakumbuka kope zilivyoshikana nilipofumba macho. Tulikaa kidogo tu tukatoka mbio, tukicheka. Sasa alikuwa humo peke yake, na kifua kile.

Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba sikujua ni wapi. Baba alitengeneza maghala ya nyama, ya samaki, ya kuku, ya maua, ya dawa, upande huu wa mji na upande ule. Alifanya kazi peke yake maisha yake yote. Wateja hakuwahi kuwaandika popote, aliwabeba kichwani, na kichwa chenyewe ndicho kilichokuwa kinaganda.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na kitambaa cha vyombo mkononi. "Nani huyo?"

"Hakuna mtu."

"Mficha uchi hazai. Sema."

Nikasema. Alikaa chini polepole, kwenye kiti ambacho si chake. "Nilimwambia mimi," akasema. "Nilimwambia nikachoka. Sikio la kufa..." Akanyamaza kabla hajaimaliza. Sote tulijua inavyoishia, na hakuna aliyetaka kuisikia ndani ya nyumba ile.

Kaka yangu mkubwa ni dereva wa gari dogo la mizigo na anakaa mtaa wa pili. Nilimwita, akaja, akageuza gari mlangoni na kuliacha linaunguruma. Akaingia na kuuliza, "Twende wapi?" Swali zuri.

Shangazi ndiye aliyepata wazo, na Mungu amsamehe kwa wazo hilo. Yeye ni dada wa baba na ndiye mwenye kundi la ukoo kwenye simu, watu tele, kuanzia wajomba wa mbali hadi watoto wa juzi. Kabla sijageuka, alikuwa ameshabonyeza na kuongea. "Ndugu zangu, kaka yenu kafungiwa kwenye chumba cha barafu, hatujui ni kipi. Mpigieni. Kila mtu ampigie mpaka atakayebahatika ampate."

Basi ukoo ukapiga. Hapo ndipo nilipoona mapenzi yanavyoweza kuua mtu. Nilikuwa kila nikipiga, namba inatumika, na isipotumika haipatikani, na ikirudi kupatikana inatumika tena. Kwenye kundi ujumbe ukawa unamiminika. Binamu kaandika: nimempata, kasema marahaba, ikakatika. Mke wa mjomba: kaniuliza watoto hawajambo, nilipotaka kumuuliza yuko wapi ikakatika. Mwingine: mzee anatetemeka jamani, kaniuliza mguu wangu umeponaje.

Baba hajawahi kuacha simu iite bila kuipokea, na hajawahi kuanza mazungumzo na mtu bila kumjulia hali. Ndivyo alivyotulea. Simu yake ilikuwa inawaka kwa muda mfupi mno, na muda huo wote alikuwa anaumaliza kwa salamu. Siku nyingine ningecheka.

Nikajilazimisha kukaa kitako na kufikiri kama fundi, si kama mtoto wa mtu. Nilizisoma tena zile habari za kundi moja baada ya nyingine. Nimempata, ikakatika. Nimempata, ikakatika. Kila mmoja alipata salamu na swali moja, hakuna aliyepata zaidi, hakuna aliyepata pungufu. Hilo likanishangaza. Betri iliyochoka, ukiitia baridini, hufa ovyo. Mara inazima chaji ikiwa bado nusu, mara inawaka na kufa hapohapo, na mwisho inalala moja kwa moja. Haina kipimo. Hii ya baba ilikuwa inazima na kuwaka kwa kipimo kilekile, kana kwamba kuna mtu amekaa pembeni anaibonyeza.

Na nilimjua huyo mtu. Simu ya baba ni ya zamani, ya kufunguka mgongo, na betri yake ilikuwa imevimba mpaka kifuniko hakifungi. Betri mpya nilishamnunulia. Nilimsihi aniachie simu kutwa moja tu, naye akajibu kwamba simu ni nzima, wazima hawalazwi. Mganga hajigangi, wanasema, na baba wa mganga ndiyo kabisa haguswi. Alichofanya ni kukata kipande cha tyubu ya baiskeli, akaifunga simu yake katikati kama mtu aliyevunjika mbavu, kifuniko kikatulia. Tyubu ile ilipita juu ya kitufe cha kuwashia. Kwenye joto la kawaida ililegea, haikuwa na neno. Kwenye barafu mpira unakaza. Sasa ulikuwa umekilalia kitufe, na simu, kama zilivyo simu zote, ikibonyezwa kwa muda inadhani mwenyewe ameamua iwashwe upya. Inazima, inawaka, inakuta bado imebonyezwa, inazima.

Nikaandika ujumbe kwa herufi kubwa: TOA TYUBU KWENYE SIMU. Nikautuma. Nikaandika mwingine: NIAMBIE UKO WAPI TU. Nikautuma huo pia, na kwa mara ya kwanza tangu simu ikatike nikavuta pumzi.

Mama alikuwa ananiangalia. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi ameshika kitu kwa vidole viwili.

"Miwani yake hii hapa," akasema.

Bila miwani baba hasomi hata jina lake. Ilibaki sauti tu, na sauti isingepenya wakati ukoo mzima umejaa mlangoni.

"Shangazi, waambie wanyamaze."

"Watu wanahangaika, mtoto wewe, wengine wanalia huko waliko. Nitawaambiaje?"

"Waambie wanamuua."

Neno lilinitoka hivyohivyo. Sijawahi kumjibu shangazi namna ile, na siku nyingine yoyote ningekiona cha mtema kuni. Alinitazama usoni. Halafu akaisogeza simu mdomoni na kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, "Ndugu zangu, atakayempigia kaka yangu kuanzia sasa, mimi na yeye tusijuane na tusizikane. Kaeni kimya." Alipokwisha kulitamka hilo neno la kuzikana aliliogopa mwenyewe. Simu ikamdondokea mapajani, akaanza kulia bila sauti.

Kundi likanyamaza. Nilipiga, haipatikani. Nilipiga, haipatikani. Kaka alikuwa anazunguka sebuleni akigonga gonga funguo za gari kwenye paja, nikamwambia atulie au atoke. Nilipiga, ikaita.

"Halo?"

Maisha yangu yote sijawahi kusikia sauti ya baba nikaacha kumwamkia. Safari hii shikamoo niliimeza.

"Toa tyubu kwenye simu."

"Nani?"

"Mimi. Ile tyubu uliyofungia simu. Ikate, itoe."

"Tyubu ndiyo imeshika betri, mwanangu. Nikiitoa hii—"

"Shika kwa mkono. Itoe sasa hivi."

Ikakatika, kwa kipimo chake kilekile.

Sasa nikaanza kuogopa nilichokisema. Baba alikuwa na haki. Tyubu ndiyo iliyoshika betri. Vidole vyake vimekufa ganzi, humo ndani giza, macho hayaoni karibu. Betri ikimponyoka itaanguka kwenye sakafu ya barafu, iteleze chini ya makreti, na hatutamsikia tena mpaka Jumatatu watu wafungue kazi. Nilikuwa nimemwambia avunje ngazi aliyosimamia. Na nikiwa nimekosea, na haikuwa tyubu kabisa? Nilipiga. Haipatikani. Nikapiga. Haipatikani. Kipimo kikapita, simu haijarudi. Mama aliuliza, "Kimya hiki ni kizuri au kibaya?"

Simu ikaita mkononi mwangu.

"Nimeikata kwa meno," baba akasema. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa. "Niko ghala la kuku. Lile la nyuma ya kiwanda cha magodoro. Chumba cha mwisho. Nimesimama kwenye tundu la mabomba, ndipo mtandao unaposhika."

Kaka alikuwa ameshafika nje. Shangazi alibaki kutafuta gari la wagonjwa, mama akakusanya mablanketi yote ya kitanda chao bila hata kuvaa viatu. Nilikimbia na simu sikioni.

"Baba, chaji?"

"Naona nyekundu."

"Kata, uiweke kwapani, ndani ya shati. Iguse ngozi. Usiibane. Nikipiga, pokea."

Betri baridi huzima kabla ya wakati wake, na ukiipa joto inakurudishia kidogo ilichokuwa imekuficha. Hilo nililijua. Nililijua pia lingine, ambalo sikumwambia mama. Kibandani kwangu betri iliyovimba siigusi bila koleo, naitoa nje kwenye ndoo ya mchanga. Ikitoboka inawaka moto. Na mimi nilikuwa nimemwambia baba yangu ailaze kwenye mbavu zake.

Gari letu halikuwahi kukimbia vile. Mama alikaa katikati yetu, mablanketi yamemfika kidevuni. Tulipopita sokoni nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Iliita sana. Nilidhani imekwisha, kisha ikapokelewa, lakini hakusema kitu.

"Baba?"

"Mama," akasema. Hakuwa anamwita mke wake. Ile ilikuwa sauti ya mtoto.

"Ni mimi, baba. Tunakuja. Tumekaribia."

"Haina haja ya haraka. Humu kumekuwa na joto sasa. Navua koti."

Kaka akageuka kututazama, uso umemfunguka. "Ana joto? Basi vizuri, labda wamezima mtambo."

Mimi nilijua si vizuri. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, siku ile ya kope kushikana. Aliniambia kwamba mtu akiwa kwenye barafu akasema anasikia baridi, huyo ni mzima. Akisema anasikia joto, mkimbilie, maana baridi imeshaacha kupigana naye. Watu hukutwa wamevua nguo zao na kuzikunja vizuri pembeni. Nilikuwa mdogo nikadhani ananitisha tu.

"Usivue koti."

"Linanibana."

"Usivue. Baba, nisikilize, ni mimi nakwambia. Usivue koti, kaa nalo, funga vifungo. Nakuamuru."

Mama alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Kwenye simu kulikuwa na mngurumo wa feni na kitu kinachokwaruza, kitambaa juu ya kitambaa. Nikasema tena na tena, nikapiga kelele mpaka nje ya madirisha. Halafu mngurumo ukakatika. Nilipiga. Nilisubiri kipimo kile kipite, nikapiga. Nilijua kabla yule dada hajaniambia. Safari hii haikujiwasha upya, ilikuwa imekwisha. Sikujua ilikwisha kabla ya maneno yangu au baada yake.

Njia nzima iliyobaki nilimwona baba akilini amekaa kifua wazi, koti limekunjwa pembeni yake kwa adabu, kama anavyokunja shati lake la kutokea. Nilijaribu kuiondoa picha hiyo, ikakataa.

Mlinzi wa ghala alitoka kibandani kwake akifungua geti bila wasiwasi wowote. "Fundi? Fundi mbona ameshaondoka. Nilikuta ameacha mlango wazi, nikamfungia, baridi isipotee." Alikuwa bado anasema hayo tulipofika kwenye mlango wa mwisho, na pembeni, mahali mlango ukiwa wazi unapopaficha, palikuwa na mkoba wa baba, umefunguliwa, bisibisi zimepangwa. Mlinzi akauona mkoba pamoja na sisi. Mdomo ukabaki wazi.

Kaka ndiye aliyevuta komeo. Ukungu mweupe ukatupiga usoni, na kelele ya feni ikajaa masikioni, inazunguka laini, haina hitilafu yoyote. Nilipita mbele ya wote. Kulikuwa na makreti yamepangwa hadi juu, na nilipita katikati yake nikimwita, na sikuitikiwa.

Alikuwa ameketi sakafuni chini ya tundu la mabomba, kichwa kimeegemea ukuta, macho yamefumba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshatoka kwenye koti, wazi hadi begani. Upande wa kushoto koti lilikuwa bado limevaliwa. Vifungo viwili vya juu vilikuwa vimefungwa, kwa matundu yasiyo yake, na vidole vya mkono ule mtupu vilikuwa bado vimeshika cha tatu.

Alikuwa ananitii.

Nilipiga magoti, nikauingiza mkono ndani ya shati lake, kwapani, penye simu. Palikuwa na joto kidogo sana. Mama alikuja nyuma yangu na miguu yake mitupu juu ya barafu, akamfunika kwa mablanketi, akauliza kwa sauti ndogo iwapo baba anapumua. Nilisogeza sikio mdomoni mwa baba kwa sababu feni ilikuwa inapiga kelele, na pumzi yake ikanigusa shavuni.

"Anapumua," nikasema, na kaka akatutoa nje mmoja baada ya mwingine, baba kwanza.